Mapokezi ya Mwanafunzi Asiyeijua Lugha ya Darasa: Funzo Kutoka Vyuo vya Jamii vya Marekani

Utangulizi

Katika masomo ya mbinu za kufundisha tumezoea kuambiwa kwamba somo huanza pale mwalimu anapoingia darasani na kuwaamkia wanafunzi wake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo la kwanza hutangulia hapo. Huanzia mlangoni, siku ile mwanafunzi anapoandikishwa, kabla hajaonyeshwa hata mahali pa kukaa. Namna anavyopokewa, maswali anayoulizwa na darasa analopangiwa ndiyo mambo yanayoamua kama atadumu katika masomo au ataondoka kimya kimya baada ya majuma machache.

Ili kulieleza jambo hili tumechagua mfano wa mbali, yaani jinsi watu wazima wanavyoandikishwa katika madarasa ya Kiingereza kama lugha ya pili kwenye vyuo vya jamii nchini Marekani. Tuna sababu mbili. Kwanza, huko kazi ya kumpokea mtu asiyeijua lugha imegawanywa katika hatua zilizo wazi, hata tukaweza kuzichunguza moja moja. Pili, miongoni mwa wanaopitia hatua hizo wamo wasemaji wa Kiswahili. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadhi ya Wakongo waliopelekwa huko katika miaka hiyo walikuwa wameishi muda mrefu katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Ijapokuwa serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, waliokwisha kufika wangali wanahitaji lugha ya kazini, ya hospitalini na ya shule za watoto wao.

Chuo cha Jamii ni Nini?

Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili kinachomilikiwa na umma, kilichowekwa karibu na makazi ya watu, chenye ada nafuu na mlango ulio wazi kwa karibu kila mtu mzima. Chuo cha kwanza cha umma cha namna hiyo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe nchi nzima, na leo viko takriban elfu moja. Jimbo la California peke yake lina 116.

Wanachuo wetu wasije wakavilinganisha moja kwa moja na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa Tanzania kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Mpangilio wake ni mwingine. Hata hivyo vinafanana katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba anayeingia ni mtu mzima mwenye kazi, watoto na haja yake mwenyewe, na hakuna sheria ya kumlazimisha abaki. Akiona hapati faida, haji tena.

Madarasa ya Kiingereza katika vyuo hivi ni ya aina mbili. Kuna yale yenye krediti, ambayo huhesabiwa katika masomo ya chuo na hulipiwa. Katika vyuo vya jamii vya California mkazi wa jimbo ametozwa dola 46 kwa kila krediti tangu mwaka 2012, na mtu asiye mkazi hutozwa zaidi ya hapo mara nyingi. Halafu kuna yale yasiyo na krediti, ambayo humpa mtu lugha ya maisha ya kila siku. Haya katika California hayana ada ya masomo. Mtu akiingia upande usiomfaa aweza kupoteza fedha au miezi mingi, na mara nyingi hawezi kuijua tofauti hiyo asipoelezwa na mtu.

Hatua za Kuandikishwa

Taratibu hutofautiana kidogo baina ya chuo na chuo, lakini kwa jumla hatua ni tano.

Hatua ya kwanza ni kuomba. Mwombaji hujaza fomu ya jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na siku hizi fomu hiyo hujazwa zaidi kwa kompyuta. Hapa ndipo ugumu unapoanza. Mtu aliyezoea kutaja jina lake, la baba yake na la babu yake hukuta fomu yenye nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo tu. Wakimbizi wengi wasio na hati za kuzaliwa wameandikiwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari. Kama jina limeandikwa kwa namna moja kwenye kitambulisho na kwa namna nyingine kwenye fomu, kompyuta itawahesabu kuwa watu wawili. Kwa hiyo karani mwema huomba kitambulisho na kunakili herufi kwa herufi.

Hatua ya pili ni kuthibitisha makazi na ruhusa ya kukaa nchini. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mhamiaji mkazi hawapati taabu hapa. Mtu aliyekwenda kwa viza ya matembezi haruhusiwi kuanza masomo rasmi ya chuo kwa viza hiyo. Anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hana budi kupata kwanza hati ya chuo iitwayo I-20 na kusoma kwa muda kamili, na sheria ya mwaka 1996 inamkataza kuingia katika madarasa ya elimu ya watu wazima yanayogharimiwa na umma. Kijana wa Afrika Mashariki anayedhani atakwenda kwa viza hiyo na kusoma bure na ajue jambo hili kabla hajauza ng'ombe wa baba yake.

Hatua ya tatu ni kupimwa lugha, ya nne ni kuonana na mshauri, na ya tano ni kusajiliwa katika darasa lenyewe. Mshauri huuliza saa za kazi, usafiri, malezi ya watoto, na zaidi ya yote shabaha ya mwombaji. Je, anataka kazi? Anajiandaa kwa mahojiano ya uraia? Anataka kuzisoma barua za shule ya mwanawe? Au anakusudia kuendelea hadi shahada? Majibu hayo ndiyo yanayomwelekeza kwenye darasa la asubuhi, la jioni au la Jumamosi. Mwenye nafasi asiyefika siku ya kwanza mara nyingi huipoteza, ikapewa aliyekuwa akingoja.

Hatari ya Swali Moja

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha makala haya, nasi tutaieleza kwa mfano wa kubuni. Asubuhi moja watu watatu wanasimama mbele ya meza ya karani. Wa kwanza ni mzee aliyefundisha shule ya msingi huko Uvira kwa miaka mingi. Anasoma na kuandika Kifaransa na Kiswahili kwa ufasaha, ila Kiingereza hajapata kukisema. Wa pili ni mama aliyekulia Nyarugusu. Anasema Kibembe, Kiswahili na Kiha, na hesabu za biashara anazifanya kichwani bila kukosea, lakini hajapata kushika kalamu. Wa tatu ni kijana aliyepitia Nairobi, akauza mitumba huko. Kiingereza cha sokoni anakisema bila hofu, lakini akipewa karatasi aandike sentensi mbili, hutokwa na jasho.

Karani akiuliza swali moja tu, "Unajua Kiingereza?", mzee atajibu hapana, mama atajibu hapana, na kijana kwa unyenyekevu atajibu kidogo. Wote watatu watapelekwa katika darasa moja la wanaoanza. Sasa tutazame yatakayotokea. Mzee atapewa kufuatisha herufi ambazo yeye mwenyewe amewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, naye ataona amedharauliwa. Mama atamwona mwalimu akiandika maneno ubaoni na wenzake wakinakili, asijue waanzapo wala wamaliziapo. Atajilaumu nafsi yake na kusema kwamba kichwa chake kimezeeka. Kijana atajibu kila swali kwa mdomo, asifiwe kila siku, na hakuna atakayegundua kuwa hawezi kuandika mpaka siku ya mtihani. Baada ya majuma machache viti viwili vitakuwa vitupu, na katika rejesta itaandikwa kwamba wenyewe hawakuhudhuria.

Kosa hapa halikuwa la wanafunzi, wala la mwalimu wa darasa hilo. Lilitendeka mezani, pale mambo matatu mbalimbali yalipochanganywa kuwa jambo moja. Kuijua lugha kwa masikio na mdomo ni jambo moja. Kujua kusoma na kuandika, katika lugha yoyote, ni jambo la pili. Akili na maarifa aliyonayo mtu ni jambo la tatu. Mama yule amepungukiwa na mawili ya kwanza, na la tatu analo tele. Anayempima kwa swali moja humpokonya hata hilo alilo nalo.

Ngazi na Vipimo

Kwa kuepuka kosa hilo, taratibu za taifa za Marekani zinazohusu madarasa ya Kiingereza yanayogharimiwa na serikali kuu zimewagawa wanafunzi katika ngazi sita. Ngazi ya chini kabisa imetengwa kwa ajili ya wanaoanza lugha na kisomo kwa pamoja. Juu yake kuna ngazi mbili za wanaoanza, mbili za kati na moja ya juu. Walimu wa kwetu wataikumbuka hekima hiyo, maana majaribio ya taifa ya kisomo yaliyofanyika Tanzania mwaka 1975 nayo yaliwapanga wanakisomo katika ngazi, ili kila mmoja aendelezwe kutoka alipofikia.

Hata miongoni mwa wanaojua kusoma pana tofauti. Msomaji wa Kiswahili huzijua tayari herufi za Kiingereza. Taabu yake ni kwamba katika Kiswahili neno husomwa kama lilivyoandikwa, na katika Kiingereza sivyo. Aliyesoma kwa Kiarabu peke yake hana budi kujifunza herufi mpya na kuugeuza mkono uandike kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu asiyeyajua haya huona makosa yanayofanana katika madaftari mawili, akatoa dawa moja kwa magonjwa mawili.

Vipimo navyo ni vya namna mbalimbali. Vile vya CASAS, shirika lililoanza kazi California mwaka 1980, hupima kusikiliza na kusoma kwa kutumia mambo ya kila siku kama vile lebo ya dawa, tangazo la kazi na ratiba ya basi. Kipimo kingine kiitwacho BEST Plus ni mazungumzo ya ana kwa ana. Mtahini huuliza swali, na kwa kadiri mwombaji anavyojibu swali lifuatalo huwa gumu zaidi au jepesi zaidi, mpaka uwezo wake ujulikane. Vyuo vingine humwonyesha mwombaji mifano ya kazi za kila ngazi, kisha humshauri achague mwenyewe.

Tena kipimo hicho si hukumu ya milele. Katika vipimo vya CASAS inapendekezwa mwanafunzi apimwe upya baada ya saa 70 hadi 100 za mafunzo. Hatari ya kumsahau mtu katika ngazi ya chini ni kubwa kama ile ya kumrusha juu mno. Huko California ilionekana kwamba wanafunzi wengi waliowekwa katika kozi za maandalizi walizunguka humo mwaka hata mwaka pasipo kulifikia somo walilolikusudia. Ndipo jimbo likatunga sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vya jamii viwapange wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya pili kwa namna itakayowapa nafasi kubwa iwezekanayo ya kumaliza Kiingereza cha ngazi ya chuo katika muda wa miaka mitatu, kama hiyo ndiyo shabaha yao.

Jambo moja bado lina mabishano. Baadhi ya programu humpokea mwanafunzi juma lolote. Hilo humfaa mtu aliyepata nafasi leo, lakini mwalimu hukuta sura mpya kila Jumatatu, na wa zamani huchoka kurudia salamu. Programu nyingine hupokea kwa siku maalum tu. Darasa hutulia na husonga mbele pamoja, lakini aliyechelewa hungoja nje, na pengine hamu humwishia huko huko. Sisi tunaona kwamba chuo chenye nafasi ya kutosha kingefanya vema kumwekea mchelewaji darasa dogo la kungojea, ili asirudishwe nyumbani mikono mitupu.

Yatufaayo Katika Darasa la Kwanza

Mwanachuo aweza kuuliza: haya yanamhusu nini mwalimu wa Darasa la Kwanza wa Kasulu au Bariadi? Yanamhusu sana. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na katika vijiji vingi mtoto hufika shuleni akiwa na lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili akakikuta darasani kama yule mama alivyokikuta Kiingereza. Mtoto huyo akinyamaza siku ya kwanza, ni rahisi mno kumwita mzito. Jina hilo likiisha kutoka kinywani mwa mwalimu, litamfuata hata mwisho wa shule ya msingi. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano.

1. Jina. Mwulize mzazi jina la mtoto na jinsi linavyotamkwa, uliandike sawasawa katika rejesta, nawe ulitamke vivyo hivyo. Mtoto asiyelitambua jina lake linapoitwa huandikwa kuwa hayupo ilhali amekaa mbele yako.

2. Lugha ya nyumbani. Andika katika daftari lako ni lugha gani mtoto anazungumza na mama yake, na kama ana ndugu anayekijua Kiswahili hapo shuleni.

3. Kusikia kabla ya kusema. Mpe maagizo mafupi ya vitendo: lete jiwe, simama nyuma ya mlango, nionyeshe picha ya kuku. Anayetenda sawasawa ameielewa lugha, hata kama bado hajathubutu kuisema. Kisha mwombe ataje vitu, na mwisho mwonyeshe herufi.

4. Kutenga lugha na akili. Mpe punje kumi na mbili za mahindi, umwonyeshe kwa ishara awagawie wenzake watatu sawasawa. Akiweza, umejua jambo kubwa juu yake pasipo neno hata moja.

5. Kupima tena. Andika tarehe ya kipimo, nawe umrudie mtoto huyo baada ya majuma sita. Kundi ulilompanga mwanzoni lisiwe nyumba yake ya kudumu.

Tunajua jibu litakalotolewa: darasa lina watoto themanini, mwalimu atapata wapi muda? Tuhesabu pamoja. Mwalimu akiwaita watoto watano kila siku wakati wengine wanachora au wanacheza uwanjani, watoto 80 watakwisha katika siku 16 za shule, yaani majuma matatu na siku moja. Dakika chache kwa kila mtoto zitamwokolea mwaka mzima wa kumfundisha asiyemjua.

Hitimisho

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi asiyeijua lugha ya darasa ni mgeni, na darasa lina mengi ya kupata kwake, maana huja na lugha, hesabu na hekima za kwao. Vyuo tulivyovieleza vina fedha na kompyuta ambazo shule zetu nyingi hazina. Lakini lililo bora katika taratibu zao halihitaji fedha. Nalo ni kukataa kumpima mtu kwa swali moja, na kuuliza kwanza anajua nini kabla ya kuandika asichokijua. Mwalimu akiyafanya hayo mlangoni, atakapoingia darasani somo lake litakuwa limekwisha kuanza.

Maswali ya Kujadiliana

1. Katika mfano wa waombaji watatu, kila mmoja angefaa kuwekwa katika ngazi gani? Toa sababu zako.

2. Tunga maagizo manane ya vitendo utakayoyatumia kumpima mtoto wa Darasa la Kwanza ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Yapange kuanzia jepesi hadi gumu.

3. Je, mtoto anayeandikishwa katikati ya muhula apokewe vipi bila kuwarudisha nyuma wenzake? Jadilini katika vikundi, kisha mlijaribu jambo hilo wakati wa mazoezi ya kufundisha.